Kubadilisha Spika za Gari: Pesa Yako Ianzie Mlangoni

Gari dogo la Kijapani likishushwa melini Dar es Salaam au Mombasa huja na spika ambazo mwenye gari hazioni kamwe, mpaka siku fundi atakapobandua kava ya mlango. Humo ndani kuna kitu chepesi cha kushangaza: fremu ya plastiki, koni ya karatasi na sumaku ndogo, vyote vimepigwa ribiti kwenye bati. Kiwanda hakikukosea. Kila gramu na kila yen ilihesabiwa, na spika ile ilitakiwa itoe taarifa ya habari na muziki wa sauti ya wastani, basi. Shida huanza pale mnunuzi wa pili, miaka mingi baadaye, anapotaka kulisikia gitaa la besi kwenye rumba na anachoambulia ni mtetemo wa plastiki.

Mtu huyo akiingia dukani, mara nyingi hutoka na sabufa na amplifaya. Mimi ningemshauri aache buti kama lilivyo na aanze na milango miwili ya mbele. Tena fedha kidogo ziende kwenye mlango wenyewe, si zote kwenye spika. (Anayetaka asikike mtaa wa pili kama matatu ya Nairobi ana mahitaji mengine, na hapa hatutafika mbali pamoja.)

Kwanza hakikisha spika ndiyo yenye kosa

Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zilifuata masafa ya FM ya kwao, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90. Vituo vyetu vya Afrika Mashariki viko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo sababu magari mengi hufungwa ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachoungwa kwenye waya wa antena ili kuyashusha masafa yetu yafike pale redio inapoweza kuyashika. Ekspanda ya bei ya chini huleta mvumo na mikwaruzo, na lawama zote huenda kwa spika. Cheza wimbo uleule kwa CD, flashi au Bluetooth. Ukitoka safi, spika zako ni nzima na ugonjwa uko kwenye redio, ekspanda au antena.

Kisha tumia balansi na fada kuipeleka sauti kwenye spika moja moja. Weka wimbo wenye besi na usikilize kwa sauti ya wastani. Spika inayokwaruza hata sauti ikiwa chini huenda koili yake imeungua au imepinda. Inayopasuka besi inapopiga, mara nyingi ule ukingo laini unaoizunguka koni umekauka kwa joto na kuchanika. Ila kabla hujaihukumu, bonyeza kava ya mlango kwa kiganja hukuhuku muziki ukipiga. Mtetemo ukikatika, tatizo lako ni klipu iliyolegea au iliyovunjika, na klipu hugharimu senti chache tu ukilinganisha na spika.

Kama bado unatumia ile redio iliyokuja na gari, ningesema ibadilishwe mapema, hata kabla ya spika. Redio ya kisasa inapata FM yetu bila ekspanda, na ndani yake ina vichujio vya sauti ambavyo baadaye vitakusaidia kuliko unavyodhani. Uangalifu unahitajika kwenye magari yaliyofungwa mfumo wa JBL au Bose kutoka kiwandani. Mengi yao yana amplifaya iliyofichwa mahali pengine, na spika zake zinaweza kuwa za omu 2 au chini ya hapo badala ya omu 4 zilizozoeleka. Hapo usinunue kitu kabla fundi hajafungua na kuthibitisha.

Namba kubwa kwenye boksi

“Hii ni wati 600, bosi, inapasua!” muuzaji atakuambia, akigonga kidole kwenye tarakimu zilizochapwa kwa rangi nyekundu.

“Sawa ndugu yangu, RMS yake ngapi?”

Geuza boksi mwenyewe. Kwa nyuma, kwa maandishi madogo, utaikuta RMS: wati ambazo spika inaweza kuzibeba muda wote bila kuungua. Ile namba kubwa ya mbele ni ya mshtuko wa sekunde isiyotimia, na wakati mwingine ni ya kubuni kabisa. Spika ya “wati 600” inaweza kuwa na RMS ya 60, na hiyo si aibu. Kisichopaswa kununuliwa ni spika isiyotaja RMS popote pale.

Redio nayo ina ujanja huohuo. Imeandikwa 50W mara nne, lakini kinachofika kwenye kila spika kwa uhakika ni wati kama 15 hadi 20. Kwa hiyo kama huna mpango wa kufunga amplifaya, usikazanie spika inayobeba wati nyingi. Tafuta ile inayotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo. Kipimo chake ni usikivu, nacho ni ile namba yenye dB mbele yake, kwa kawaida kati ya 86 na 93. Kila nyongeza ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza nguvu maradufu: spika ya 90 dB ikipewa wati 15 hutoa sauti ileile ambayo spika ya 87 dB ingehitaji wati 30 kuitoa. Nani angekubali kununua amplifaya ili apate kile ambacho angekipata kwa kusoma boksi?

Aina ziko mbili. Kuna spika yenye twita katikati ya koni, ambayo hufungwa pale ilipotoka ya zamani na kazi ikaisha. Na kuna seti, ambapo twita hukaa peke yake juu, karibu na kioo cha pembeni au kwenye dashibodi, na kiboksi cha krosova hugawa sauti: nyembamba ziende kwa twita, nzito zibaki mlangoni. Seti huinua muziki kutoka kwenye magoti na kuuleta usawa wa uso, hasa sauti ya mwimbaji. Gari lako likiwa tayari na nafasi za twita kwenye dashibodi, nunua seti. Zisipokuwepo na hutaki kutoboa, chukua hiyo ya kwanza bila kusikitika.

Hapo pana mtego mmoja. Kwenye Toyota nyingi zenye twita ya dashibodi, twita hiyo imeungwa kwenye waya uleule wa spika ya mlangoni, ikilindwa na kapasita ndogo tu. Ukifunga mlangoni spika yenye twita katikati na ile ya dashibodi ukaiacha ikipiga, sauti nyembamba zitazidi mpaka masikio yachoke. Chomoa moja.

Na za nyuma? Ziache. Dereva na abiria wa mbele husikiliza za mbele, na za nyuma kazi yake ni kujaza tu. Mwenye Noah anayebeba familia nzima ana hoja yake; hata hivyo, jozi moja nzuri mbele ni bora kuliko jozi mbili za kubahatisha.

Inchi, kina na kioo

Dukani utaambiwa “inchi sita na nusu” au “sita kwa tisa” kana kwamba hayo yanatosha. Hayatoshi. Nafasi za skrubu hutofautiana, na Toyota hupenda fremu kubwa ya plastiki yenye umbo lake peke yake, hivyo spika ya inchi 6.5 huhitaji ringi ya kuunganishia. Zipo ringi za plastiki zinazouzwa tayari. Mafundi wengine hukata za mbao. Wakikata kwa MDF, dai ipakwe rangi au vanishi pande zote pamoja na kingo, kwa sababu MDF ikinywa maji huvimba na kumeguka, na ndani ya mlango wa gari maji hupita kila mvua ikinyesha.

Kipimo kinachosahaulika ni kina. Teremsha kioo chote hadi chini kabla ya kupima, kisha pima kutoka usawa wa bati hadi kwenye kioo. Sumaku nene ya spika mpya ikigusa kioo au mashine yake, siku ya kwanza utasikia mkwaruzo na ya pili utanunua kioo.

Mlango ndio kabati la spika

Hapa ndipo pesa ndogo huleta faida kubwa, na hapa ndipo mafundi wengi huruka.

Koni ya spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Inapokandamiza hewa upande wa abiria, upande wa ndani ya mlango huivuta. Mawimbi hayo mawili yanapingana. Yakikutana hufutana, na yanayofutika kwanza ni ya besi kwa sababu ni marefu na hupinda kirahisi kupita kwenye upenyo wowote. Spika ya nyumbani haina shida hiyo kwa kuwa imefungiwa kwenye boksi. Boksi la spika ya gari ni mlango, na mlango wa gari dogo ni bati jembamba lenye matundu makubwa ambayo kiwanda kiliyaacha ili fundi apitishe mkono kurekebisha kioo na loki. Yamefunikwa kwa karatasi ya nailoni tu, iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Kwa besi, karatasi hiyo ni sawa na hakuna kitu.

Ndiyo maana mtu anaweza kununua spika ya bei mbaya, akaifunga kwenye mlango ulio wazi, na asisikie tofauti kubwa. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, shika spika mkononi, nje ya gari, uiunge na redio kwa sauti ndogo. Italia nyembamba, kama simu. Iweke juu ya tundu lake mlangoni na uibane kwa vidole. Besi itatokea ghafla, kabla hata hujakaza skrubu moja.

Kwa hiyo mambo ni matatu. La kwanza, weka sponji jembamba au utepe wa povu kati ya spika na ringi, na kati ya ringi na bati, pasibaki upenyo. La pili, bandika shiti za butili zenye foili ya alumini kwenye bati la nje kwa ndani, nyuma ya spika. Si lazima ujaze mlango mzima. Kipande kinachofunika sehemu kubwa ya katikati ya bati hutosha kulinyamazisha. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada: mwanzoni bati hulia kama debe, baadaye hutoa mlio mfupi uliokufa. La tatu, ziba yale matundu makubwa. Plastiki ngumu au alumini nyembamba iliyokatwa na kufungwa kwa skrubu ni bora kuliko shiti ya butili peke yake, kwani siku ya kutengeneza mashine ya kioo utafungua bila kugombana na gundi.

Usikubali lami ya kuzibia mapaa badala ya butili. Bei yake inavutia, lakini gari likianikwa juani Dodoma au Lamu, mlango hupata joto kali, lami hulegea, huteremka na kujaza harufu kwenye gari zima. Na matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini kabisa wa mlango yaache wazi. Hayo ni ya kutolea maji, na ukiyaziba utafuga kutu.

Siku ya kufunga

Chomoa waya wa hasi wa betri na usubiri dakika chache kabla ya kugusa waya za mlango au dashibodi. Baadhi ya magari yana vihisi vya mifuko ya hewa mlangoni. Skrubu za kava kwa kawaida hujificha nyuma ya kitasa na ndani ya kishikio cha mkono, na kinachobaki ni klipu. Tumia chombo cha plastiki, si bisibisi, na usivute kwa hasira kwa sababu nyuma kuna waya za swichi za vioo.

Ribiti za spika ya zamani hutolewa kwa drili. Funika sehemu ya chini kwa kitambaa na uusafishe unga wote wa chuma. Chembe moja ikinaswa na sumaku ya spika mpya na kuingia kwenye koili, utasikia mkwaruzo maisha yake yote.

Sasa waya. Kosa linaloudhi kuliko yote ni fundi kukata soketi za kiwanda na kusokota waya kwa vidole kisha kuzungushia tepu nyeusi. Joto huyeyusha gundi ya tepu, waya hubaki uchi, na siku zikigusana redio inaungua. Zipo soketi za kuunganishia za Toyota, Nissan na wengine, ambazo huingia kwenye soketi ya gari bila kukata kitu, na hazina gharama ya kukosesha usingizi. Pasipo na soketi hiyo, waya ulehemiwe kwa solda na kuvalishwa mrija unaosinyaa kwa joto, au ubanwe kwa kiungio na plaizi yake.

Kwenye redio nyingi za kununua dukani rangi ni hizi: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Ile yenye mstari mweusi ni hasi. Manjano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni wa funguo, nyeusi ni gaundi. Toyota wana rangi zao, na mara nyingi pinki na zambarau ni mbele kushoto, kijani hafifu na bluu ni mbele kulia. Lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa usiliamini kwa rangi. Redio ikiwa imechomolewa, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye waya mbili za spika kwa sekunde moja. Koni ikiruka kwenda nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Kwenye spika yenyewe, ulimi mpana kwa kawaida ndio chanya.

Kuugeuza waya mmoja hakuunguzi kitu, na ndiyo maana kosa hili hudumu miaka. Spika moja husukuma wakati mwenzake anavuta, na besi hupotea katikati ya gari. Ukisikia besi ikiongezeka unapopeleka balansi upande mmoja, kisha ikapungua unapoirudisha katikati, rudi mlangoni ukageuze waya wa upande mmoja tu.

Kabla hujarudisha kava, pandisha na uteremshe kioo mara kadhaa huku muziki ukipiga.

Baada ya hapo

Zima besi busti na laudnesi, na ile ekwalaiza yenye umbo la tabasamu iweke sawa. Ingia kwenye menyu ya redio utafute HPF, kichujio kinachozuia sauti nzito mno zisiende kwenye spika za milango, ukiweke kwenye hezi 80. Utadhani umejinyima besi. Kumbe spika ya inchi 6.5 ikiachwa ihangaike na hezi 40, hupoteza nguvu zake huko na kuichafua sauti ya mwimbaji. Ikiondolewa mzigo huo hupanda sauti zaidi bila kupasuka. Angalia pia nyimbo zenyewe. Faili la MP3 la kbps 64 lililozunguka WhatsApp halitafufuliwa na spika yoyote.

Sauti ikianza kupasuka, punguza. Redio iliyopita uwezo wake hukata vichwa vya mawimbi, na umeme huo uliokatwa ndio huunguza twita, hata zile zilizoandikwa wati nyingi. Kuhusu masikio: Shirika la Afya Duniani linachukulia desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kikomo salama kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hupungua kwa nusu. Dereva wa teksi anayeshinda barabarani alijue hilo kuliko wengine.

Kama baada ya haya yote bado unatamani zaidi, sasa ndiyo zamu ya amplifaya. Ya chaneli nne yenye wati 50 RMS kwa kila moja hutosha gari dogo: mbili kwa spika za mbele, mbili zikiunganishwa kwa sabufa ndogo. Waya mkubwa kutoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi, na fyuzi ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, si kule kwenye buti. Fyuzi hiyo inalinda waya usiwake moto ukichunika mahali njiani. Kwaruza waya kwa kisu kabla ya kulipa: kwa ndani ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na itahitaji kuwa nene zaidi kubeba umeme uleule. Gaundi iwe fupi, kwenye bati lililokwanguliwa rangi, la sivyo utasikia mluzi unaopanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta.

Barabara zetu hulegeza kila kitu, kwa hiyo baada ya mwezi mmoja hivi fungua kava ukaze skrubu za ringi. Spika za zamani zifunge kwenye gazeti uzihifadhi stoo. Kama soketi za kiwanda hazikukatwa, siku ya kuuza gari utazirudisha mahali pake kwa saa chache na kuhamia kwenye gari jipya na spika zako, shiti za butili tu ndizo zitakazobaki kwa mnunuzi.